Usimvishe merikani

Jumamosi, usiku

Mzee yeyote wa ukoo wetu ukimwomba nasaba atakutiririshia: fulani bin fulani bin fulani, hadi amfikie yule aliyeshuka jahazini. Wanaume watupu. Ungedhani walizaana wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo sababu tangu Ramadhani iishe nashona kitambaa cha kutundika ukutani chenye majina ya wanawake tu. Kila mmoja namdarizi kwenye kipande cha kanga yake, na aliyekosa namtafutia nguo ya zama zake.

Wazo si langu. Nimekuwa nikisoma habari za wanawake walioshika sindano pale ambapo kalamu hawakuwa nayo, au isingewafaa. Ninaowarudia kila mara ni wale wa Chile. Jeshi lilipoipindua serikali Septemba 1973, watu walichukuliwa majumbani na hawakuonekana tena, na wakubwa wakajibu kwamba hawawajui. Mama zao, wake zao na dada zao wakakutana Santiago chini ya hifadhi ya kanisa, wakachukua kitambaa cha gunia na kukishonea viraka: milima ya Andes juu, chini nyumba za mtaani, askari, jiko la pamoja, mwanamke ameshika bango linalouliza "Wako wapi?" Wengine walikata nguo za hao hao waliopotea. Picha hizo, arpillera, zilipenyezwa nje ya nchi zikauzwa, na fedha ikalisha nyumba zilizobaki bila mlishaji. Mwanzoni hakuna aliyezishuku. Kina mama wanashona, kuna nini hapo?

Yuko pia Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Baada ya kuwa huru alishona kitandiko cha viraka chenye visa vya Biblia, akakipeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, huko huko Georgia, mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa aitwaye Jennie Smith akataka kukinunua, Powers akakataa. Miaka michache baadaye dhiki ikambana, akakiuza kwa dola 5. Smith aliandika maelezo ya kila kiraka kama mshonaji alivyomsimulia, na bila karatasi hiyo tungekuwa tunabahatisha tu. Ameandika pia kwamba Powers alirudi zaidi ya mara moja kukitazama. Siku hizi kimo kwenye makumbusho ya taifa, Washington, na hizo dola 5 bado zinanikera.

Hawa si wa mbali nasi kama wanavyoonekana. Pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilifumwa viwandani Massachusetts, ikapakiwa kwenye merikebu za Salem, ikashushwa Unguja. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ni wa 1833. Nguo hiyo tuliiita merikani. Ikichovywa nili ikawa kaniki. Wakavishwa watumwa. Mjakazi alijifunga chini ya kwapa, kichwa wazi. Yaani jasho la mtumwa wa kule lilikuja kumsitiri mtumwa wa huku, na waliofaidi ni wafanyabiashara wa kati.

Amri ya kufuta utumwa hapa ni ya 1897, kila mwanafunzi anaikariri. Kisichokaririwa ni kwamba masuria hawakuingizwa. Wao walingoja hadi 1909. Waliopata uhuru waliivua kaniki wakanunua kanga, za rangi, jozi, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda kichwani. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema kanga ni nguo ya jikoni huwa namwacha tu. (Kwenye kanga nyingi za zamani kuna maandishi madogo, "Mali ya Abdulla", alama ya duka maarufu la Mombasa. Mwanamke anapeleka ujumbe wake kwa jirani na jina la mwanamume liko naye kiunoni.)

Sasa kilichonikwamisha. Mama wa babu yangu hana jina kwenye kitambaa. Shangazi alimdiriki akiwa mtoto, kwa hiyo leo nikampelekea kazi aitazame. Akapitisha kidole juu ya majina, akicheka kwa moja, akisoma kimya mengine, mpaka akafika kwenye kipande cheupe kisicho na kitu.

"Na huyu?"

"Bibi yako. Nimemwekea merikani. Jina nangoja unipe."

"Nani alikwambia habari za merikani?"

Nikasema hakuna. Ni kweli hakuna. Nilijumlisha mwenyewe kutokana na yale ambayo kwetu hayaulizwi. Shangazi akakunja kitambaa, akakiweka pajani. Akaniambia wale binti za bibi yake waliapizana wasitaje, ili wajukuu waolewe bila kuulizwa asili yao. Wakaolewa. Mimi ni tunda la kunyamaza kwao.

Hapo ndipo wanawake wa Chile hawanisaidii. Wao walifichua kilichofichwa na dola, kilichofichwa ili wauaji walale salama. Wa kwetu walificha wenyewe, kwa mapenzi, na siri yao ilifanya kazi. Wengi wanaoandika juu ya sanaa hii huzungumza kana kwamba kila ukimya ni dhuluma. Nami nilikuwa nikizungumza hivyo hivyo hadi saa kumi za leo.

"Kwa hiyo nimtoe?" nikamuuliza.

"Sikusema umtoe, mwanangu. Nasema usimvishe merikani. Alishavaa ya kutosha. Mtafutie kisutu. Yeye harusi hakufanyiwa."

"Na jina?"

"Andika Bibi."

Nikajaribu tena wakati wa kumuaga. Akaniuliza kama nimeshaswali.

Sijaridhika. Ninalitaka lile jina, na ninajua analo. Lakini kisutu nitakitafuta Jumatatu pale Darajani, nyekundu na nyeusi na nyeupe, kile cha kawaida cha maharusi. Nitakiloweka kwanza kwenye maji ya chumvi, maana rangi ikichuja itawaharibu wenzake wote, na mmoja wao nimemdarizi kwa uzi mweupe wiki nzima.