Mkia Kwanza, Rangi Baadaye

Juni. Masika yamepita na nyasi za kando ya mashamba bado ni ndefu. Msimu huu kila ndege mwenye umbo la kuku huitwa kuku, na kuku aliyehama banda akazoea kulala mtini huitwa kwale. Makosa yote mawili yanauma: la kwanza humtia ndege wa porini sufuriani, la pili humpotezea mwenye kuku mali yake.

Wengi huanza na rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Kuku wa kienyeji aliyezaliwa vichakani anaweza kuwa na hudhurungi yenye michirizi kama ya kwale, na kuku wa madoadoa ukimwona kwa mbali utaapa ni kanga. Tazama mkia. Wa kuku husimama, umekunjwa pande mbili kama paa la nyumba. Wa kanga huning'inia chini, na mgongo wake umebinuka kama wa kibyongo. Wa kwale ni mfupi. Yuko kwale mdogo wa vichaka vikavu anayeinua mkia kama kuku, lakini ana mstari mweupe juu ya jicho.

Mkia ukifichwa na nyasi, nenda kichwani. Kuku ana upanga wa nyama nyekundu, kanga ana pembe ngumu ya mfupa na uso wa buluu, kororo, yule kanga wa msituni, ana kishungi cheusi kilichojisokota. Kwale hana chochote utosini.

Panapotatiza hasa ni shingoni. Kereng'ende, yule kwale mwekundu wa pwani, ana koo tupu lisilo na manyoya, na kuku wa kishingo vilevile. Basi subiri ageuke. Kishingo yuko uchi shingo nzima, mbele na nyuma. Kereng'ende ni kooni na kuzunguka macho tu, kisogo kimefunikwa. Tena miguu na mdomo wa kereng'ende ni vyekundu, ilhali miguu ya kuku huwa ya njano, nyeupe au kijivu. Usihukumu kwa kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu: jogoo anacho, na kwale dume anacho. Kanga ndiye asiye nacho.

Alfajiri masikio yanatosha. Jogoo anawika, kwale anakwaruza kwa sauti kavu, mara nyingi akiwa juu ya kichuguu, kanga jike ana mlio wa vipande viwili anaourudiarudia, ambao dume hautoi.

Mayai yanahitaji uangalifu zaidi. La kanga limechongoka upande mmoja na ganda lake ni gumu mno, lina vitundu vidogo vya hudhurungi. Ukilikuta porini liache, maana kanga wa porini ni mnyamapori kisheria. Kwa wanaofuga kanga, kosa la kawaida ni kumwatamisha kuku mayai ya aina mbili kwa siku moja. Ya kuku huanguliwa siku ya 21, ya kanga kati ya 26 na 28. Vifaranga wa kwanza wakitoka, mama huinuka nao, na mayai ya kanga yanapoa yakiwa na vifaranga hai ndani. Tanguliza ya kanga, ya kuku yafuate baada ya wiki moja.