Nilivyoacha kazi nikiwa likizo Pemba na mkono wa kwaheri nikaupata

Mie nilikuwa rumu atendanti kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki Unguja, miaka 9, na likizo yangu kila mwaka naichukulia msimu wa karafuu, nashuka na boti Mkoani hadi nyumbani Wete, maana mamaangu ana mikarafuu yake na wachumaji ukiwaachia wenyewe pishi, kipimo cha karafuu, wanajihesabia wanavyotaka.

Basi mwaka ule nipo siku ya 8 ya likizo, tumekaa barazani juu ya jamvi tunachambua, karafuu huku makonyo, yani vikonyo vyake, huku, vidole vinanata, meseji ikaingia wasapu. Bosi wa utumishi. Hoteli inachukuliwa na mwenyewe mwengine, watu wanapunguzwa, anaetaka kuondoka kwa hiari atapewa mishahara 5, mwisho wa kujibu Ijumaa. Na siku ile ni Jumanne! Chini yake pidiefu ya kusaini, mistari mitatu.

Sikufichi, nilifurahi. Mgongo ushachoka na magodoro ya watu na mama kazeeka, nilikuwa natafuta sababu tu. Nikataka nisaini pale pale kwa kidole, ami yangu alokuwa karani zamani akaninyang'anya simu, kaisoma, kanambia "mwanangu, hizo pesa zimeandikwa wapi?"

Natizama, hazipo. Karatasi inasema mimi fulani naacha kazi kwa hiari yangu kuanzia leo, basi. Mishahara 5 iko kwenye meseji tu, na meseji mtu anaifuta. Halafu hilo "kuanzia leo" ndo baya zaidi, likizo iliyobaki inakufa, na wanaweza kusema umeondoka bila notisi wakakukata mshahara wa mwezi, yani unakwenda kupokea mkono wa kwaheri unarudi na deni.

Nikampigia bosi. Si mtu mbaya, ananambia dada ile fomu tu usiwe na wasiwasi pesa zipo. Ami pembeni anacheka, "kama zipo zisiogope kuandikwa."

Kwa hiyo fomu yao sikuisaini. Nikaandika barua yangu, steshenari ya hapo Wete wakanichapia: kwa kujibu tangazo lenu la tarehe fulani nakubali kuacha kazi kwa masharti haya, mishahara 5 nilipwe kamili, siku yangu ya mwisho ni siku likizo inapomalizika, sitodaiwa notisi, na nipewe barua ya kuonyesha nimefanya kazi kwao. Nikaweka na mahali pa wao kusaini na kugonga muhuri. Nikauliza pia huo mshahara ni upi, wa msingi au pamoja na sevisi chaji, ile nyongeza ya kwenye bili za wageni, maana kwa sie wa mahoteli sevisi chaji ndo inayotulisha. Wakasema wa msingi. Hapo nilishindwa, nikakubali.

Jumatano nikapanda gari nikaenda Chake kwa watu wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, kuomba taarifa ya michango yangu, nikakuta miezi 2 haijaingia. Hili wenzangu wengi walilichanganya, walidhani mishahara ile ndo kiinua mgongo chao chote, sivyo, michango yako ni yako hata ukiacha kazi, kitu cha kutizama ni kama mwajiri kaipeleka. Nikaongeza mstari kwenye barua, miezi 2 ilipwe kabla ya siku yangu ya mwisho.

Wakakaa kimya hadi Alkhamisi jioni, usiku ule sikulala wallahi, nikawaza labda nimejitia ujuaji nimeikosesha familia pesa. Ijumaa kabla ya sala ikarudi, imesainiwa, muhuri umekaa upande upande lakini upo.

Mwenzangu wa zamu moja alisaini ile fomu Jumanne ile ile. Kapata mishahara 4, wa tano wamemkata wa notisi, na hana karatasi ya kudaia.

Zangu ziliingia benki wiki ya tatu, karafuu tushazianika. Yunifomu niliwapelekea kwa binamu yangu aliyekuwa anavuka na boti. Juzi wamenipigia, eti aproni moja imepungua. Nimewaambia waitafute stoo.