Nilivyoisubiria Skyline Mwezi wa Nane

Muuzaji wa Yokohama alitaka gari langu, Nissan Skyline GT-R, lipakiwe melini kuja Marekani mwezi wa sita. "Ni la 1990," aliniandikia, "na sasa ni 2015. Miaka 25 imetimia." Nikamjibu lisiguswe.

Sheria ya Marekani haihesabu mwaka tu, inahesabu mpaka mwezi. Gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama haliingii hivi hivi mpaka litimize miaka 25 tangu kuundwa. Na kile kibati cha Nissan chini ya boneti kinakupa namba ya chesisi, inayoanza na BNR32, kinakupa na rangi, lakini tarehe hakina. Nilichokuwa nacho mkononi ni cheti cha usajili cha Japani: Heisei 2 kwa kalenda yao, mwezi wa 8, ndiyo Agosti 1990. Huenda lilitoka kiwandani mapema zaidi, lakini "huenda" humpelekei afisa wa forodha. Nilikuwa nimeshaona picha za Land Rover Defender iliyoingizwa kinyume cha sheria ikipondwa na mtambo, na sikuwa tayari kuiona Skyline GT-R ikiishia hivyo.

Mapenzi haya nimeyarithi. Baba alituhadithia mpaka tukakariri jinsi Datsun 240Z, ya Nissan haohao, ilivyochukua Safari Rally mwaka 1971, ikarudia 1973.

Basi likapakiwa Agosti. Lilipofika Baltimore, wakala wa forodha alishajaza fomu ya HS-7 ya usalama na ile ya mazingira, na ushuru ukawa asilimia 2.5 ya thamani. Nilimwomba anirudie hiyo hesabu. Sisi tuliozoea ushuru wa Kilindini tuliona kama amesahau tarakimu.

Pale Dundalk, gati la magari la Baltimore, huingii bandarini bila kitambulisho maalumu, kwa hiyo nilisindikizwa. Nikalikuta katikati ya safu za magari mapya, rangi ya kijivu cha bunduki, chumvi imekauka kwenye vioo. Nikafungua mlango wa kulia. Msindikizaji akashangaa usukani upo huko. Mimi nilijifunzia gari Mombasa, mkono ulikwenda kwenye gia wenyewe. Betri ilikuwa imechoka, tukaunganisha waya, na ile injini ya RB26, silinda sita na turbo mbili, ikanguruma sauti nzito iliyotulia. Nililia, sioni haya kusema.

Jioni nikampigia mdogo wangu Mombasa, nikamwashia kamera alizunguke. Akatazama kimya, kisha akauliza, "Bro, ukirudi nyumbani si utakuja nalo?"

Nikamwambia haiwezekani. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8. Huku wamelikubali kwa sababu ya uzee wake. Kwetu uzee huohuo ndio utakaolifungia bandarini.

"Basi nitumie nauli," akasema, "nije nilipande hukohuko."

Nimemtumia.