Siku Moja na Maalim Wangu, Mwaloni Kirumba

Saa 11:30 alfajiri. Namkuta Maalim msikitini, amekwisha kukaa safu ya mbele. Baada ya sala anabaki na tasbihi yake mpaka karibu na mapambazuko, nami hubaki nyuma yake nikisoma nyiradi alizonipa.

Saa 1:30 asubuhi. Tunafungua kibanda cha dagaa sokoni Mwaloni, jijini Mwanza, ambako dagaa wa Ukerewe na visiwa vingine hununuliwa na wafanyabiashara wa hapa nchini na wa kutoka hadi Kongo. Siku hizi ni za mbalamwezi, na kwa kuwa mwezi uking'aa taa za wavuvi haziwavuti dagaa ipasavyo, mitumbwi mingi imepumzika na bei imepanda. Naamini hapa ndipo ucha Mungu wa muuzaji hupimwa, kwa sababu mnunuzi aliyebanwa na uhaba hupokea chochote.

Saa 3. Mzigo wa leo ulianikwa mchangani badala ya kwenye chanja, na mchanga huongeza uzito. Kwa hiyo Maalim anataka kila gunia lichekechwe kabla ya kupimwa. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wale ambao wakipimiwa hutaka kutimiziwa, na wao wakipima hupunja. Niliihifadhi madrasa, lakini upana wake nimeuona hapa, kwa mzee anayeshika chekeche mwenyewe huku vumbi likimjaa kwenye kanzu. Mama mmoja mwenye haraka alimwomba ampimie hivyo hivyo.

"Vumilia kidogo, mwanangu," akamjibu. "Hela uliyoleta ni ya dagaa."

Saa 7 mchana. Adhuhuri, kisha ugali na sato.

Saa 11 jioni. Tunapita kwa mama lishe mwenye deni la muda mrefu. Aya ya 280 ya Al-Baqara inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Maalim aliutoa, tena kwa sitara, akimwita pembeni ili wateja wasisikie.

Baada ya Magharibi. Darsa letu huanza kwa kila mwanafunzi kueleza kazi ya siku yake. Nilitaja chekeche; mwenzangu, ambaye ni fundi cherehani, akauliza kama vipande vinavyobaki baada ya kukata nguo ni vyake au vya mteja. Maalim akamuuliza kwanza kama mteja huwa anaambiwa kuwa vimebaki, na mjadala ukakolea hapo hata Isha ikaadhiniwa, tukakubaliana kuumalizia kesho.