Siku moja mezani kwa katibu wa chama cha fasihi

Saa kumi na mbili asubuhi, Leeds, Uingereza. Chai ya maziwa, kompyuta, barua pepe sitini na tatu. Watu wakisikia nafanya kazi kwenye chama cha wasomi wa fasihi ya baada ya ukoloni, hudhani kutwa nasoma riwaya. Mimi ni katibu. Nadai ada, napanga ratiba ya kongamano, nawatafutia wageni vyumba.

Mpaka saa tano ilikuwa risiti na ikisiri tu.

Saa tano na robo ikaingia barua ya mwalimu wangu wa zamani, yuko Dodoma. Kanyimwa viza. Alikuwa aje kuwasilisha mada kuhusu *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis na kutoka mwaka 2022. Sababu ya kumnyima: hakuwaridhisha maofisa wa viza kwamba atarudi kwao. Mtu ana wanafunzi, ana wajukuu, ana shamba la zabibu!

Barua za mwaliko nimemwandikia tatu. Ya kwanza haikuwa na namba ya pasipoti. Ya pili wakauliza nani atalipia malazi. Ya tatu wakataka sahihi ya wino. Nikachapa, nikatia sahihi, nikaituma. Yeye akapanda basi mpaka Dar es Salaam kuchukuliwa alama za vidole. Rufaa hakuna, na ada hairudi.

Limeniuma zaidi kwa kuwa ni mji huu huu. Mwaka 1964 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alisimama kwenye kongamano hapa Leeds kueleza kwamba mwandishi wa riwaya ni mwalimu wa watu wake, na kongamano lile ndilo lililozaa chama cha wasomi wa fasihi na lugha za Jumuiya ya Madola. Fasihi yetu inapita mpakani. Anayeifundisha anabaki getini.

Mchana sikula. Nilibembeleza fundi mitambo, nikamwomba mwenyekiti wa kikao, nikahamisha watu wawili kwenye ratiba, nikawahamisha tena. Giza likanikuta bado na viatu miguuni. Nikapiga simu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia atasoma mada yake kwa video, saa nne asubuhi ya huku.

"Huku itakuwa saa sita mchana," akasema. "Nitakwenda kwa mdogo wangu, ana jenereta. Jina langu lisifutwe kwenye ratiba."

Halijafutwa. Nimelichapa upya, herufi nzito.