Jaribio la 7: kosa lilikuwa kwenye mchuzi

Natafuta chachu itakayozuia ukungu kuozesha machungwa. Machungwa 40, jeraha moja kila chungwa, 20 nimeyatia maji na 20 chachu, kisha yote spora (mbegu) za ukungu; leo siku ya 6. Yale 20 ya maji yameoza yote, yamevaa kijani na yanatoa vumbi ukiyagusa. Katika yale 20 ya chachu, 16 ni mazima, jeraha limekauka na kuacha kovu dogo la kahawia. Nimeyahesabu mara tatu. Kwa mtu ambaye tangu jaribio la 2 anabeba ndoo za machungwa yaliyooza kwenda kuyafukia, leo ni sikukuu.

Chachu yenyewe niliikwangua kwenye ganda la tufaha lililokaa mwezi mzima bila kuoza huku wenzake wakiisha mmoja mmoja. Kwenye kisahani cha agari, ile jeli ya kukuzia vijidudu, ilikuwa simba: ukiipanda karibu na ukungu wa kijani, Penicillium digitatum, ukungu unasimama mbali na hausogei. Kwenye chungwa ikawa paka. Jaribio la 3, la 4, la 5, yote yale yale: yenye chachu yanaoza sawa na yasiyo na chachu.

Nikabadilisha kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kibovu. Nililaumu joto la kabati. Nililaumu msumari ninaotobolea machungwa, nikaufunga kizuizi cha mpira ili kila jeraha liwe na kina cha mm 3 tu. Nikashusha spora hadi 10,000 kwa mililita. Halafu, kwa hasira, nikapandisha chachu kutoka seli milioni 10 hadi milioni 100 kwa mililita. Yakaoza haraka kuliko ya maji!

Nililala na hilo siku mbili. Dawa gani ukiiongeza ugonjwa unanenepa? Kisha nikakumbuka jinsi ninavyopata seli milioni 100: sichanganyi na maji sana. Yaani kadiri ninavyoweka chachu nyingi, ndivyo ninavyoweka na mchuzi mwingi wa kukuzia, wenye sukari yake yote. Jaribio la 6 lilikuwa dogo tu: machungwa 5 ya maji na spora, 5 ya mchuzi mtupu na spora. Ya mchuzi yalilainika siku nzima kabla ya wenzake. Majaribio matano sikuwahi kuweka kundi hilo la kulinganishia. Mchezo mzima wa chachu za aina hii ni kuwahi: zinakula kile kilichovuja kwenye jeraha na kujaza nafasi, spora ikiamka inakuta sahani zimelambwa. Mimi nilikuwa nawapikia wote wawili karamu, na ukungu unakula haraka.

Sasa seli naziosha mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye sufuria ya presha. Ile sentrifuji (mashine ya kuzungusha mirija kwa kasi ili chachu itengane na maji) niliyotengeneza kwa drili nimeiweka kando baada ya kupasua mirija miwili. Inatetemeka kama ina homa. Weka chupa kwenye friji usiku kucha, chachu itatuama yenyewe, mimina maji ya juu taratibu. Polepole, ila haivunji kitu. Kitu kimoja nisichokubali kubana matumizi ni slaidi ya kuhesabia seli. Kukadiria kwa kuangalia weupe wa maji ni kujidanganya. Nimewahi kukosea mara kumi nzima.

Yale manne yaliyoniangusha sijayaelewa vizuri. Nadhani jeraha lilikauka kabla chachu haijashika. Chachu niliitia saa 24 kabla ya spora, na najua huo ni upendeleo. Nilijaribu pia machungwa 6 kinyume, spora kwanza na chachu kesho yake: yote 6 yameoza. Spora ikishachipua na kuzama kwenye nyama nyeupe ya ganda, huko chachu haiifuati. Ndiyo maana sigusi maembe: chule, ugonjwa wa ukungu, huingia tunda likiwa bado mtini, hujificha chini ya ngozi na kungoja liive, kwa hiyo anayekuja baada ya kuvuna amechelewa miezi. Hata Aspire, dawa ya chachu ya Candida oleophila iliyosajiliwa Marekani mwaka 1995, mwishowe ilitoka sokoni, na watu walilalamikia hasa matokeo yasiyotabirika. Mimi na majaribio yangu ya kabatini ni nani?

Hatua niliyopanga kufuata ilikuwa kuchanganya chachu na soda ya kuokea, asilimia 2. Machungwa yalikuwa yameshaoshwa. Lakini juzi, nikisafisha visahani vya zamani, niliona kimoja chenye duara la rangi ya damu ya mzee kuzunguka koloni. Ni kile ambacho agari yake niliichemshia kwenye chungu chenye kutu! Nina hisia kali kwamba nimefuga Metschnikowia, jamii moja ya chachu. Hizo hutoa kitu kinachonasa madini ya chuma na kuwa chekundu, na ukungu uliokosa chuma hauendi mbali. Kama ni hivyo, nikiongeza chuma kwenye agari rangi inapaswa kukolea na ile nafasi tupu kati ya chachu na ukungu ipungue.

Soda imerudi kabatini. Visahani 12 viko kwenye joto tangu jana usiku, vinne bila chuma, vinne kidogo, vinne kingi, na asubuhi hii kundi la tatu tayari lina wekundu pembeni. Machungwa yaliyooshwa tumeanza kuyala.