Chungu cha ngapi?

Jumamosi, usiku

Tangu Jumanne kuna neno limenikaa kooni, na wala si langu, ni la Mama Mkubwa. "Haya, mwanangu." Basi. Akajitanda kanga yake, akachukua ndoo, akaingia ndani. Nimelirudia neno hilo kwenye daladala, nimelirudia darasani, na Alhamisi nimelirudia Muheza mbele ya sahani ya pilau ya harusi ya mjomba.

Ilikuwa hivi. Wiki hii laptop ya mwenzangu iko kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayemalizia ramani yetu ya mikoko ya Mwambani, hapa Tanga, kwa ajili ya mashindano. Nilikuwa nimekaa barazani, picha ya setilaiti imejaa kwenye kioo, nimeiweka katika rangi ya bandia. Jani huumeza mwanga mwekundu likajitengenezea chakula, lakini mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni, huurudisha kwa wingi. Maji yenyewe huumeza infraredi karibu yote. Kwa hiyo ukiipa infraredi rangi nyekundu, pwani yetu yote inageuka kisutu: mikoko nyekundu, bahari nyeusi, na mstari mweupe wa mchanga katikati. Naipenda mno picha ile. Nimeshaiota mara mbili.

Mama Mkubwa akatokea pwani, pweza wawili ndooni, sketi imelowa hadi magotini. Akasimama nyuma yangu kimya. Kisha:

"Hii yote nyekundu ni nini?"

"Mikoko, Mama Mkubwa. Hapa Mwambani."

Akanyoosha kidole chenye chumvi kavu kwenye kucha, akakisimamisha karibu na kioo bila kukigusa. "Na hii?"

Ni kipande kilichojitenga upande wa baharini, wekundu wake umepauka kidogo. "Nayo mikoko. Nimeipima, inakaribia hekta 6."

"Hapo hapana mikoko. Hapo ndipo ninapopita kwenda kwenye mwamba kuchokoa pweza. Picha ya lini hii?"

"Mwezi wa tatu, mwanzoni."

"Mwezi wa tatu tulikuwa tumefunga. Ilikuwa chungu cha ngapi?"

Hapo ndipo nilipokosea. Aliuliza ilikuwa siku ya ngapi ya mfungo wa Ramadhani, nami sikujibu swali. Nililiona kama swali la pembeni, la mtu anayekumbuka futari. Nikasema, na sauti yangu naisikia mpaka sasa: "Mama Mkubwa, setilaiti iko juu kilomita 786. Inaona ambayo sisi hatuyaoni."

"Haya, mwanangu."

Hakukasirika. Angekasirika ningelala. Huyu ndiye aliyenifundisha kuwa mlilana husimama mbele kabisa kwenye mawimbi, na kwamba mchu utaujua kwa mizizi yake inayochomoza matopeni kama penseli. Sikuyapata hayo kwenye kitabu. Nami nikamwambia haoni.

Alhamisi usiku, tumerudi kutoka Muheza, wote wamelala, nikachukua kalenda ya ukutani nikahesabu. Chungu cha kwanza. Yaani mwezi umeandama jana yake tu, bamvua lenyewe, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida. Nikaenda kuangalia saa ya picha. Setilaiti za Sentinel-2, ndizo zilizoipiga, hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila zinapokuja, saa ileile. Na kila mtoto wa Mwambani anajua kuwa siku za bamvua saa hizo maji yanakupwa, pwani inakauka hadi mbali, na akina mama wako huko na michokoo yao.

Mikono ikaanza kunitetemeka. Zile Sentinel zikiwa mbili hurudi kila baada ya siku 5. Nikatafuta picha iliyofuata, chungu cha sita, wakati maji mafu yanaingia, siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, na saa nne bahari imejaa. Intaneti ilikuwa inasuasua, picha ikajifungua vipande vipande kutoka juu, wingu, wingu, paa za Mwambani, mikoko. Halafu pale. Peusi. Hekta zangu 6 zimekuwa maji matupu.

Yalikuwa majani ya bahari. Majani mabichi yaliyoachwa na maji na kulala juani, yakarudisha infraredi kama jani lolote la nchi kavu. NDVI yake, yaani kipimo cha ukijani wa mimea, ilikuwa ya kijani kabisa, kwa sababu ni kijani kweli. Setilaiti haikusema uongo hata kidogo. Mimi ndiye niliyelipa lile doa jina ambalo si lake.

Mpango wetu ulikuwa kulinganisha na picha za zamani za setilaiti za Landsat, zile za pikseli za mita 30, tuone mikoko imepungua au imeongezeka. Ingekuwa ya zamani imepigwa maji yamejaa na hii yetu yamekupwa, tungesimama mbele ya majaji tukasema mikoko ya Mwambani imeongezeka. Wangetupigia makofi.

Nilidhani nitalia, badala yake nikacheka peke yangu gizani kwa furaha. Kwa sababu sasa tuna kitu! Tunapanga picha zote kwa mwezi wa mbinguni kwanza, bamvua kando na maji mafu kando, ndipo tunahesabu. Kinachobaki chekundu hata bahari ikijaa, hicho ndicho mkoko. Kinachokuja na kuondoka ni majani, na ramani yake hatukuwa hata na wazo la kuichora.

Jana baada ya Ijumaa nilimfuata Mama Mkubwa uani, anamponda pweza juu ya jiwe. Nikapiga magoti nikamwambia, "Ilikuwa chungu cha kwanza." Akaendelea kuponda. "Basi maji yalikuwa yanatoka," akasema, "na mimi nilikuwa hapo hapo, pweza wa futari ile mliyokula." Nikamwomba radhi. Akasema, "Bamvua lijalo uje na viatu. Kuna vichomi."

Mwalimu ameisifu kazi, ila anataka tuandike "kwa maelezo ya mkazi wa eneo." Nimekataa. Mkazi ni nani? Ana jina, na jina lake litaandikwa mahali yanapoandikwa majina yetu, kwa herufi za ukubwa uleule. Mwenzangu ameniunga mkono, Jumatatu tunaenda kumwambia mwalimu wote wawili.

Ningelala na moyo mweupe leo, ila Baba hapatikani. Mnajua safari zake za lori. Mara ya mwisho aliandika yuko Singida, gari linasumbua breki, atatupigia akifika Nzega. Hiyo ilikuwa jana adhuhuri. Nimempigia mara nne, ni yule dada wa mtandao tu anayejibu. Mama anasema chaji imeisha. Anasema hivyo huku taa ya barazani ameiacha inawaka, naye huwa haiachi.